Wasifu wa Kuka, Silabi kwa Silabi

Mzee Wabwile alipokufa, watu wa Chwele walikubaliana kwamba alikuwa mtu mwema, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisema mzee akiwa hai na masikio yake yakifanya kazi. Ndivyo tulivyo huku kwetu. Mtu akishalazwa kwenye jeneza tunamvika suti mpya na tabia mpya, na vyote viwili vinambana.

Kazi ya kushona hiyo tabia mpya ilimwangukia binti yake mkubwa, Emmy, naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya Bungoma, mwanamke aliyeweza kunyamazisha gwaride zima kwa kuvua miwani tu. Aliandika wasifu wa baba yake kwa jioni moja, kurasa mbili za Kiswahili cha mtihani, akaupeleka mjini ukachapishwa kwa rangi, juu kukiwa na picha ya marehemu akimtazama mpiga picha kwa shaka. Nakala zilitosha kila kiti chini ya hema. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa msomaji.

Msomaji alikuwa Nasimiyu, mjukuu wa marehemu, msichana wa miaka kumi na miwili, na Nasimiyu hakujua kusoma.

Haya, nisimwonee. Alijua, ila kwa namna yake. Akifungua ukurasa, herufi hazikutulia. B iligeuka d, d ikageuka b, mstari wa chini ukapanda kumtembelea jirani wa juu, na neno refu lilipofika mwisho alikuwa ameshasahau lilivyoanza. Tangu darasa la kwanza walimu walimwita mvivu, kisha mzembe, kisha kilaza, na alikuwa ameanza kulizoea hilo la tatu kama mtu anavyozoea jina la ubatizo. Halafu akaja Mwalimu Shamira.

Shamira alifundisha katika akademia moja ya Kitale, mji ambamo Hesbon, baba yake Nasimiyu na mdogo wake Emmy, ana duka la mbegu na dawa za mifugo. Alikuwa binti wa mjini, amezaliwa na kulelewa nyuma ya msikiti, mwenye subira nyingi na ulimi mkali wa kuilinda subira hiyo. Alimsikiliza Nasimiyu akihangaika na ukurasa mmoja, akafunga kitabu, akampigia Hesbon simu aje shuleni.

"Mtoto wako si mjinga," alimwambia. "Ako na disleksia. Akili yake iko sawa kabisa, ni vile tu inapanga maneno na njia ingine. Sisi ndio tulikuwa tunamfundisha vibaya."

Hesbon, ambaye kila tatizo la dunia hulipima kwa ng'ombe, aliuliza kama kuna sindano.

Sindano haikuwepo. Kulikuwa na kadi iliyokatwa dirisha dogo, ili Nasimiyu aone mstari mmoja tu na mingine ikae ndani kama watu wenye adabu. Kadi yenyewe Nasimiyu aliikata kwenye boksi la dawa ya minyoo, dukani kwa baba yake. Kulikuwa na kuvunja neno vipande na kutafuna kimoja kimoja. Tena kulikuwa na sheria ya Shamira, aliyoirudia mpaka darasa zima likaijua: "Hakuna mtu amewahi kukufa juu ya kungoja neno. Soma, watangoja." Kwa mara ya kwanza Nasimiyu alianza kwenda shule bila tumbo kumuuma. Alimpenda mwalimu huyo kiasi cha kumfanya mama yake aone wivu.

Sasa utauliza, mtoto wa namna hiyo alifikaje mbele ya maiki? Lawama ni za marehemu mwenyewe.

Kila likizo Nasimiyu alipelekwa Chwele kwa babu yake, aliyemwita Kuka kama wajukuu wote, na kila likizo Kuka, ambaye macho yake yalikuwa yakififia polepole, alimpa gazeti amsomee. Nasimiyu hakutaka kumwaibisha mzee wala kujiaibisha yeye, kwa hiyo alitazama picha na kutunga. Akiona mtu amesimama shambani, alisema huyo ni mkulima wa kule Kwanza, upande wa Kitale, ambaye mahindi yake yameota kimo cha mnara wa simu, na sasa hakuna wa kuyavuna. Akiona mtu amefungua mdomo kwenye jukwaa, alisema ameahidi watu wa Kachibora kwamba mvua itakuwa inanyesha Jumanne na Alhamisi pekee ili watu wapange kazi. Kuka alizibeba habari hizo moja kwa moja mpaka sokoni, akazimwaga kwa sauti, na kwa sababu alizisema kwa hasira, watu waliziamini. Hakujawahi kuwa na mzee mwenye habari tamu kama zake.

Basi Krismasi iliyopita, familia nzima imekaa, mdomo wake umejaa paja la kuku, akatangaza: "Siku mimi nikienda, huyu wa Kitale ndiye atasoma maneno yangu. Hawa wengine husoma kama wanafukuzwa na nyuki. Na akisoma mwingine, nitarudi niulize kwa nini."

Emmy ni mama wa kanisa na haamini mambo ya wafu kurudi. Lakini alimjua baba yake, na hakuwa tayari kufanya majaribio.

Siku moja kabla ya mazishi alimvuta Hesbon nyuma ya jikoni. Emmy ndiye aliyemlea Hesbon na kumsukuma shule mpaka chuo, na kwa sababu hiyo, mbele ya dada yake, Hesbon alibaki mtoto wa miaka tisa mwenye ndevu.

"Huyo mtoto ataaibisha sisi," Emmy alisema. "Nimemsikia jana akijaribu. Mstari moja, nimepika chai ikachemka, bado anatafuta mwisho. Jotham wangu anamaliza karatasi yote nikifunga kiatu."

Hapo hakusema uongo. Jotham, mwanawe, umri mmoja na Nasimiyu, alikuwa ameshinda vikombe vya kusoma kuanzia kata mpaka kaunti, na wiki hiyo nzima alikuwa akizunguka boma akiufyatua wasifu kwa sauti.

"Mzee alisema ni Nasimiyu," Hesbon alijaribu.

"Na atasoma. Mimi si nimekubali? Lakini Jotham akae karibu na yeye. Akishindwa, Jotham achukue maiki amalize. Na akishindwa, Hesbon, hiyo mambo ya Kitale imeisha. Muhula ukianza anakuja kukaa kwangu, nimfundishe mimi. Sitaki kusikia hiyo disreksia tena."

Hesbon alitazama viatu vyake. "Sawa, dada."

Nasimiyu alikuwa amesimama mlangoni na karai la vikombe, na alisikia yote. Alijua mafundisho ya Senge Emmy, yaani shangazi yake, kwa sababu binamu zake wawili walishayapitia: unaamshwa kuku bado wamelala, unapewa ukurasa, unaunakili mpaka mkono usalimu amri, na ukikosea unaanza upya. Hakuna dirisha la kadi, hakuna Shamira.

Wazo la kwanza lilikuwa kutunga. Kutunga aliweza kuliko mtu yeyote Bungoma, na kama angeachwa huru angempa Kuka mazishi ya kusimuliwa miaka mingi. Ila karatasi zingekuwa mikononi mwa watu wote, kila mmoja akifuatisha kwa kidole. Ilibidi asome kilichoandikwa, chote, mpaka nukta ya mwisho.

Siku ya mazishi mahema yalijaa. Mshereheshaji alikuwa Kizito, ambaye hushereheshea arusi na matanga kwa mizaha ile ile, akibadilisha majina tu. Mheshimiwa mmoja alifika mapema ili aondoke mapema. Nyuma ya nyumba sufuria za nyama zilikuwa zikitoa harufu ambayo haikuheshimu ratiba ya mtu. Wengi walikuwa wameshakokotoa moyoni: wasifu, hotuba, mahubiri, udongo, chakula. Kati yao na chakula alisimama msichana mwembamba wa sweta ya shule, mwenye kipande cha boksi lililoandikwa "kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo".

Aliweka kadi juu ya mstari wa kwanza. Akavuta pumzi, na spika zikaivuta naye.

"Ma-re-he-mu. Marehemu. M-ze-e. Mzee. Wa-bwi-le."

Watu walidhani ni kilio kimemkaba. Mama mmoja mbele akasema, "Jikaze, mama." Aya ya kwanza ilipopita wakajua si kilio. Vijana wa nyuma wakaanza kugongana viwiko. Jotham, aliyeketi hatua chache tu na nakala yake, aliangalia juu kama mtu anayengoja basi la jirani lipite ili lake lije. Masikio ya Nasimiyu yaliwaka moto. Alihamisha kadi mstari mmoja chini.

"Ka-ti-ka ma-i-sha ya-ke, M-ze-e a-li-ku-wa m-pe-nda..."

Neno lililofuata likaanza kucheza. Akangoja litulie. Hema zima likangoja naye, na kutoka nyuma sauti ya mzee fulani aliyezoea kunywa na marehemu ikajaribu kusaidia: "Busaa."

Hema likaangua kicheko. Hata wabeba jeneza walicheka. Nasimiyu alingoja, neno likatulia, akalikamata. "A-ma-ni," alisema. "Mpenda amani." Hapo wakacheka zaidi.

Akashangaa kidogo, maana maishani mwake alikuwa amechekwa vya kutosha na alizijua aina zote, na hii haikuwa mojawapo. Hawakuwa wakimcheka yeye. Walikuwa wameacha kugongana viwiko na sasa wameinama mbele, wanangoja neno linalofuata.

Nitakwambia kilichokuwa kinatokea. Wasifu wa marehemu husomwa haraka kwa sababu nzuri. Uongo ukipita mbio hausumbui mtu. Unapunga mkono na kwenda zake. Lakini kwa Nasimiyu kila uongo ulishuka, ukasimama, ukajitambulisha jina, na watu wakapata nafasi ya kuuzunguka na kuutazama mgongoni.

"Ha-ku-wa-hi," alisoma. "Hakuwahi. Ku-go-mba-na. Kugombana. Na ji-ra-ni..."

Shingo zote zikageukia kiti kimoja. Kwenye kiti hicho alikaa Mzee Nyongesa, aliyepakana na Wabwile upande wa chini, ambaye kovu la paji la uso wake lilitokana na kikao cha kujadili ua wa mpakani.

"...ye-yo-te."

Nyongesa alisimama taratibu. Kizito akanyoosha mkono kumzuia, akaona uso wake, akaurudisha mkono mfukoni.

"Ngoja kidogo, msichana. Hapo umesoma kweri vile imeandikwa?"

"Ndiyo, Kuka Nyongesa. Iko hapa."

"Alinipiga na jembe, bana. Watu wote wanajua." Akashika kovu. "Na mimi nilikata migomba yake usiku, sikuwahi kusema. Sasa nimesema." Akaligeukia jeneza. "Sasa nitagombana na nani huku chini? Hawa vijana hata matusi hawajui." Akaketi, akajifunika uso kwa kofia, na mabega yakawa yanaruka. Hakuna aliyecheka hapo.

Nasimiyu akasogeza kadi.

"A-li-m-pe-nda m-ke wa-ke..."

Karibu na jeneza alikaa Kukhu, nyanya yake, kwenye kiti cha plastiki, mdogo ndani ya leso mbili. Sasa akainua mkono.

"Hapo. Rudia."

"A-li-m-pe-nda m-ke wa-ke," Nasimiyu akarudia.

"Tena. Usiharakishe."

Kuharakisha ndicho kitu pekee ambacho Nasimiyu hajawahi kushutumiwa kwacho. Akasoma tena. Kukhu alisikiliza amefumba macho. "Ameishi na mimi mpaka meno ikaisha," akasema, si kwa mtu yeyote hasa, "na hiyo maneno hakuwahi kusema. Acha aseme sasa. Endelea, mwanangu."

Kwenye kiti cha mbele Mheshimiwa aliinama kwenye sikio la Emmy, akaonyesha saa. Kizito naye alikuwa akimtazama Emmy kwa macho ya kuomba msaada, maana mhubiri alikuwa na mazishi mengine kijiji cha pili. Emmy akavua miwani. Jotham, aliyemjua mama yake, akasimama, akaja na kushika maiki.

Nasimiyu hakuachilia.

Jotham akavuta. Nasimiyu akavuta. Spika zikapiga yowe lililoamsha mbwa wa mpaka barabarani.

"Nasimiyu," Emmy alisema. "Patia Jotham."

"Senge, sijamaliza."

Maneno hayo yalitoka kwenye spika zote, yakavuka migomba, yakaenda mpaka sokoni. Huku kwetu mtoto hamjibu shangazi yake hivyo, seuze mbele ya watu, seuze mbele ya maiti. Nasimiyu alijua. Lakini vidole vilikuwa vimekauka juu ya maiki na hata yeye asingeweza kuvifungua.

Ndipo Hesbon akasimama. Alisimama vibaya, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Jotham, keti."

"Hesbon," Emmy akasema, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana akishindwa." Sauti yake ilikuwa nyembamba, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe ilikuwa yake mwenyewe. "Hajashindwa, dada. Amechelewa tu."

Jotham alimtazama mama, akamtazama mjomba, akaona usalama uko kitini, akaketi. Emmy ndiye aliyeinuka. Akaja mwenyewe, miwani mkononi, hatua za gwaride, na kila mtu aliyewahi kufundishwa naye akajikuta ameketi wima. Nasimiyu alimwona anakuja. Kitu pekee alichoweza kufanya ni kushusha kadi na kusoma mstari uliofuata kabla hajafika.

"A-li-m-be-ba," alisoma. "Alimbeba. Bi-nti ya-ke. E-mmy."

Emmy alipunguza mwendo.

"M-go-ngo-ni. A-ka-vu-ka. M-to. Mto u-li-o... u-li-o-fu-ri-ka. Uliofurika."

Sasa Emmy alikuwa amesimama kabisa, kati ya viti na jeneza, mguu mmoja mbele.

"I-li a-si-ko-se. Ili asikose. Si-ku. Ya kwa-nza. Ya shu-le."

Sentensi hiyo Emmy aliiandika mwenyewe, jioni ile, katikati ya kupigia watu wa hema simu, akaipita mbio akaenda kwenye nyingine. Katika kurasa zote mbili ndiyo pekee ambayo haikuwa imevalishwa suti. Tangu baba yake afe alikuwa amepanga jeneza, hema, nyama, maua, mahubiri na mpangilio wa viti vya wakwe, na hakuwa ametoa hata chozi. Sasa mto ulikuwa umemfikia silabi kwa silabi, maji ya rangi ya udongo, mgongo wa baba umelowa, yeye juu ameshikilia shingo na viatu vipya mkononi. Mdomo wake ukafunguka na kilio kikatoka, kilio chenyewe cha huku kwetu, cha kuita, "Papa, Papa woyee," na mwanamke aliyekuwa akinyamazisha gwaride akakaa chini kwenye nyasi na sketi yake nzuri.

Wanawake wakamkimbilia. Nasimiyu alisimama na kadi hewani, ameogopa, akidhani amevunja kitu.

"Nisimamishe, Senge?"

Emmy alitikisa kichwa kati ya leso za wanawake. "Maliza," akasema. "Yote. Pole pole."

Akamaliza. Ilichukua muda, sitaficha. Mheshimiwa aliondoka bila kuhutubia, na hakuna aliyegeuka kumuaga. Mhubiri alifupisha mahubiri yake mpaka yakawa mazuri. Nyama ilipoa kabisa, watu wakaila hivyo hivyo, wakisema hakujawahi kuwa na mazishi ambayo walimjua marehemu kiasi hicho, hasa kwa watu waliokuwa wameishi naye.

Jioni jua likiwa bado juu ya migomba, Hesbon alichukua sahani yake akaenda alipoketi dada yake, macho yamevimba, miguu peku. Nasimiyu alijifanya anakusanya vikombe karibu nao.

"Dada," Hesbon alianza, "hiyo maneno ya muhula ujao..."

Emmy aliinua kidole anyamaze. Akamwita mwanawe, aliyekuwa anapita na mfupa. "Jotham. Wiki mzima umesoma hiyo karatasi, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama. Naijua yote."

"Ni nani Kuka alibeba?"

Jotham alitafuna, akafikiri, akameza. "Kubeba? Si ni yeye alibebwa? Na ambulensi."

Emmy alimtazama mwanawe, bingwa mwenye vikombe vyote vya kaunti. Kisha akamgeukia ndugu yake.

"Hesbon," akasema, "huyo mwalimu wenu wa Kitale. Anachukuanga pia wale wanasoma haraka?"